Ronald Ngala: Mwalimu wa Kilifi aliyetaka Pwani ijiamulie mambo yake

KILA siku maelfu ya watu hupanda na kushuka matatu katika barabara ya Ronald Ngala, katikati mwa jiji la Nairobi. Wengi wao hulitaja jina hilo bila kujua lilikuwa la nani. Kwa kijana wa leo, Ronald Ngala ni steji ya magari. Kwa wazee wa Pwani, ni jina la mtu aliyewahi kuongoza serikali kabla Kenya haijapata uhuru, na aliyeuliza swali ambalo Mombasa, Kilifi na Malindi zinalijadili mpaka hivi leo.

Swali lenyewe ni rahisi kulitamka. Nani anafaa kuamua kuhusu shule, zahanati, ardhi na kazi za Pwani? Je, ni mkuu aliyeketi ofisini Nairobi, au ni watu wanaoishi mahali ambapo shule hizo hazina madawati na zahanati hazina dawa?

Ngala alijitolea kisiasa kwa ajili ya jibu moja, akashindwa, akalikunja bendera lake na kuingia katika chama cha waliomshinda. Zaidi ya nusu karne tangu afariki, nchi imelirudia jibu lake kwa jina jingine. Ndiyo maana maisha yake yanastahili kusimuliwa upya.

Mtoto wa nchi iliyojeruhiwa

Ronald Gideon Ngala alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 katika eneo la Gotani, nchi ya Wagiriama, wilaya ya Kilifi. Hakuzaliwa mjini, wala hakuzaliwa katika ukoo wa watawala. Alizaliwa miongoni mwa wakulima walioishi nyuma ya ukanda wa bahari, watu ambao mji wa Mombasa uliwajua zaidi kama wauzaji wa nafaka, tembo na nazi, na kama vibarua.

Wakati huo jeraha la mwaka 1914 lilikuwa bado bichi. Mwaka uliotangulia, Mekatilili wa Menza alikuwa amewahamasisha Wagiriama kukataa kodi na kukataa kutoa vijana wao wakafanye kazi katika mashamba na miradi ya wakoloni. Serikali ilimkamata na kumpeleka uhamishoni mbali na kwao. Vita vilipozuka, nyumba zilichomwa, watu walitozwa faini, na familia nyingi zilifukuzwa kutoka ardhi yenye rutuba iliyo kaskazini mwa mto Sabaki.

Jeraha jingine lilikuwa la karatasi. Sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908 iliwataka watu wa ukanda wa Pwani wathibitishe umiliki wao mbele ya maafisa wa serikali. Waliojua njia za ofisi walipata hati. Wakulima wengi wa Kimijikenda, ambao ushahidi wao ulikuwa makaburi ya wazee na minazi waliyoipanda, hawakupata chochote. Watoto wao walikuja kuitwa maskwota mahali ambapo babu zao walizaliwa.

Huu ndio urithi alioukuta Ngala. Mtoto aliyekulia hapo alijifunza mapema kwamba uamuzi unaofanywa na mtu wa mbali unaweza kumwondoa mwenyeji shambani mwake bila yeye kuulizwa neno.

Njia yake ya kutokea ilikuwa ni elimu. Alisoma katika shule ya misheni Kaloleni, akaingia shule ya Alliance iliyoko Kikuyu, kisha akajiunga na Makerere nchini Uganda, ambako alifuzu kuwa mwalimu. Kwa mtoto wa Kigiriama wa zama hizo, safari hiyo ilikuwa ndefu kuliko kilomita zake.

Mwalimu na mwandishi

Aliporejea nyumbani, Ngala alishika chaki. Alifundisha na kuongoza shule katika maeneo mbalimbali ya mkoa, zikiwemo shule ya Mbale iliyoko Taita na shule ya Buxton iliyoko Mombasa. Kazi hiyo ilimfikisha katika pande zote mbili za Pwani, yaani milimani na baharini, mashambani na mjini. Wanasiasa wengi wa wakati wake walilijua kabila lao na Nairobi pekee. Yeye alilijua jimbo zima kabla hajaomba kura hata moja.

Mwaka 1949 alichapisha kitabu kwa Kiswahili kiitwacho Nchi na Desturi za Wagiriama. Kitabu hicho kilieleza mila za watu wake kwa lugha ambayo Wapwani wote wangeweza kuisoma. Angeweza kuandika kwa Kigiriama ili asomwe na wenzake peke yao, au kwa Kiingereza ili awafurahishe wakubwa. Kuchagua kwake Kiswahili kunatuonyesha mtu aliyetaka Wagiriama wafahamike na majirani zao, si wajitenge nao.

Mombasa aliyoikuta katika miaka ya 1950 ilikuwa mji wa bandari wenye pesa nyingi na maskini wengi. Meli zilileta na kuchukua mali ya Kenya na ya Uganda, lakini watu walioibeba mali hiyo mabegani walikuwa vibarua. Kwa miaka mingi mpakuzi wa meli alifika langoni asubuhi bila kujua kama angechaguliwa. Akichaguliwa, alikula. Asipochaguliwa, alirudi Majengo mikono mitupu.

Januari 1947 wafanyakazi wapatao 15,000 wa Mombasa waligoma, wakausimamisha mji mzima kwa siku kadhaa. Machi 1955 wapakuzi waligoma tena. Tom Mboya alitoka Nairobi kuja kusaidia katika mazungumzo, na baadaye wafanyakazi wa bandari wakapata nyongeza ya asilimia 33. Ushindi huo uliwafundisha Wapwani mambo mawili. La kwanza ni kwamba umoja una nguvu. La pili ni kwamba hata sauti ya kuwatetea ilibidi itoke bara.

Huduma nazo zilikuwa na sura hiyo hiyo. Katika vitongoji kama Majengo, mpangaji alikodi chumba kwa mwenye nyumba, na mwenye nyumba alilipia kiwanja kwa mwenye ardhi, ambaye mara nyingi hakuishi hapo. Maji ya mji yalikuwa haba mpaka bomba lilipotandazwa katika miaka hiyo ya 1950 kutoka chemchemi za Mzima, umbali wa kilomita zaidi ya 200. Na baraza lililosimamia mji lilikuwa na viti vilivyogawanywa kwa rangi, huku Waafrika waliokuwa wengi mitaani wakiwa wachache mezani.

Ngala aliteuliwa kuingia katika mabaraza hayo ya Mombasa katikati ya muongo huo. Hapo ndipo alipojifunza siasa: si katika mikutano ya hadhara ya kupigania uhuru, bali katika kikao ambamo watu hubishana kuhusu mfereji upitie wapi, soko lijengwe mtaa gani na nani apewe kibali cha kufanya biashara. Mtu aliyelelewa katika siasa za namna hiyo hawezi kuidharau serikali ya mtaani. Hujua kwamba raia huionja serikali kwanza kupitia maji ya mfereji wake.

Kutoka darasani hadi Lancaster House

Machi 1957 Waafrika walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua wawakilishi wao katika Baraza la Kutunga Sheria. Haikuwa kura ya watu wote. Aliyepiga kura alipimwa kwa elimu, mapato au mali, na waliotimiza masharti mengi zaidi walipewa kura zaidi ya moja. Viti vilikuwa vinane. Walioshinda ni Tom Mboya, Oginga Odinga, Masinde Muliro, Daniel arap Moi, Lawrence Oguda, Bernard Mate, James Muimi, na kutoka Pwani, mwalimu Ronald Ngala.

Wanane hao walikuwa na tofauti nyingi, lakini walikubaliana kukataa nyadhifa walizopewa na wakoloni hadi Waafrika wapate viti zaidi. Ngala aliaminika kwa upole wake na uwezo wa kuwasikiliza wapinzani. Wajumbe wa Kiafrika walipokwenda London Januari 1960 kwa mkutano wa katiba katika jumba la Lancaster House, yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wao na Mboya akawa katibu. Mkutano huo ndio uliokubali kwamba Waafrika watakuwa wengi bungeni, na kwamba Kenya haitakuwa nchi ya walowezi.

Ngala akapewa Wizara ya Kazi katika serikali ya mpito. Nyumbani, hata hivyo, umoja ulikuwa unapasuka. Mei 1960 chama cha KANU kiliundwa Kiambu. Uongozi wake wa juu ulishikwa na watu wa maeneo mawili yenye idadi kubwa ya watu. Ngala alichaguliwa mwekahazina hali akiwa hayupo, na Moi akachaguliwa kuwa msaidizi wake. Wote wawili waliikataa nafasi hiyo. Mwezi mmoja baadaye, viongozi wa jamii ndogo walikutana Ngong na kuunda KADU. Ngala akawa rais wa chama na Muliro akawa naibu wake.

Katika uchaguzi wa Februari 1961, KANU ilipata viti 19 na KADU 11. Lakini KANU ilikataa kuunda serikali mpaka Mzee Jomo Kenyatta aachiliwe. Ngala akakubali kuiunda, akawa Kiongozi wa Shughuli za Serikali na Waziri wa Elimu. Wapinzani wake walimwona kama msaliti aliyekubali kutumiwa na gavana. Wafuasi wake walisema kwamba mtu aliye ndani ya nyumba ndiye awezaye kufungua mlango. Agosti mwaka huo huo, wakati serikali ya Ngala ikiwa madarakani, Kenyatta aliachiliwa huru.

Ni haki kukumbuka mambo yote mawili. Ni kweli kwamba Waingereza waliiona KADU kuwa chama chepesi kuzungumza nacho, na kwamba walowezi wengi waliiunga mkono kwa sababu zao wenyewe. Ni kweli pia kwamba hofu ya jamii ndogo haikubuniwa na walowezi. Ilikuwa hofu ya watu waliowahi kupoteza ardhi kwa sahihi ya mtu wa mbali, na ambao hawakutaka kumbadilisha mkoloni mmoja kwa mwingine.

Majimbo yalikuwa nini?

Neno majimbo limechafuliwa sana tangu wakati huo, kiasi kwamba ni vigumu kulitazama lilivyokuwa. Mpango wa KADU, uliotangazwa mwaka 1961 na kupiganiwa katika mkutano wa pili wa Lancaster House mwaka 1962, ulikuwa wa kugawanya mamlaka. Serikali ya kitaifa ingeshika ulinzi, mambo ya nje na uchumi mkuu. Majimbo yangekuwa na mabaraza yao ya kuchaguliwa, yakasimamia elimu, afya, ardhi na serikali za mitaa, na yakawa na mapato yao. Bunge lingekuwa na sehemu mbili, na Seneti ingeyalinda majimbo dhidi ya mabadiliko ya haraka ya katiba.

KANU iliona mpango huo kuwa ghali, wenye kuchelewesha maendeleo, na wenye hatari ya kuigawa nchi kwa misingi ya kikabila. Hoja hizo hazikuwa za kupuuzwa. Nchi changa ilikuwa na wataalamu wachache na pesa chache. Na katika miji kama Mombasa, ambako wafanyakazi kutoka Nyanza, Ukambani, Kati na Taita walikuwa wakiishi pamoja na wenyeji, neno mwenyeji lingeweza kugeuzwa kuwa silaha.

Ngala alikuwa pia na mjadala mwingine nyumbani. Ukanda wa maili 10 wa Pwani ulikuwa bado kisheria mali ya Sultani wa Zanzibar, ukisimamiwa na Waingereza kwa mkataba wa mwaka 1895. Vuguvugu la Mwambao lilitaka ukanda huo ujitawale au urudi Zanzibar. Ngala alilipinga. Aliona kwamba Pwani iliyokatwa kutoka Kenya ingewaacha Wamijikenda chini ya utawala ambao haukuwahi kuwasikiliza, na ingeitenga bandari na nchi inayoilisha. Alitaka Pwani ibaki Kenya, lakini iwe na sauti. Oktoba 1963 serikali za Kenya na Zanzibar zilitia sahihi makubaliano, na ukanda ukawa sehemu ya Kenya moja kwa moja.

Kwa hiyo Ngala alisimama katikati ya mto. Upande mmoja kulikuwa na waliotaka kila kitu kiamuliwe Nairobi. Upande wa pili kulikuwa na waliotaka kujitenga. Yeye alisema kwamba kuna njia ya tatu, na akalaumiwa na pande zote mbili.

Jimbo lisilo na mfuko

Katika mkutano wa 1962 vyama vyote viwili vilikubali katiba ya majimbo, na serikali ya mseto ikaundwa. Kenyatta na Ngala walikuwa mawaziri wa nchi wenye hadhi sawa, wote wakihusika na mambo ya katiba. Kisha ukaja uchaguzi wa Mei 1963. KANU ilishinda kitaifa. KADU ilipata nguvu katika Bonde la Ufa, Magharibi na Pwani. Ngala akawa kiongozi wa upinzani bungeni na pia Rais wa Baraza la Jimbo la Pwani, makao yake Mombasa.

Hapo ndipo wazo lake lilipojaribiwa, na hapo ndipo lilipokwama. Baraza lilikuwepo, viti vilikuwepo, rais alikuwepo. Kilichokosekana ni pesa na wafanyakazi. Serikali kuu haikuwa na haja ya kuyafuta majimbo kwa kishindo. Ilitosha kuchelewesha kuyakabidhi majukumu na fedha. Katika mazungumzo ya London ya Septemba na Oktoba 1963, KANU ilifaulu kubadilisha vifungu muhimu, vikiwemo vya polisi na vya utumishi wa umma. Mamlaka ya kuajiri watumishi yakaelekea Nairobi hata kabla bendera ya uhuru haijapandishwa.

Wahenga walisema kwamba mkono mtupu haulambwi. Raia wa Kilifi aliyetaka barabara, au kijana wa Mombasa aliyetaka kazi serikalini, hakuchelewa kutambua kwamba baraza la jimbo halikuwa na uwezo wa kumpa. Wabunge wa KADU nao walitambua, wakaanza kuvuka mmoja mmoja kwenda upande wa serikali. Bandu bandu huisha gogo.

Novemba 1964 Ngala alisimama bungeni na kutangaza kuvunjwa kwa KADU. Mwezi uliofuata Kenya ikawa jamhuri. Majimbo yakageuzwa kuwa mikoa, mamlaka ya mabaraza yakapunguzwa hadi yakafa, na mwaka 1966 Seneti ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi. Kuanzia hapo, aliyetawala Pwani alikuwa mkuu wa mkoa aliyeteuliwa na Rais, ambaye hakuhitaji kura ya mvuvi wala ya mpakuzi.

Je, Ngala alikosea kuvunja chama? Wapo wanaosema kwamba aliwaacha Wapwani jangwani. Wapo wanaosema kwamba aliiokoa nchi na umwagaji damu, kwani kulikuwa na vitisho vya kugawanya nchi na watu walikuwa wakikabana koo kuhusu mashamba. Ukweli ni kwamba hakuwa na chaguo zuri mbele yake. Kuendelea kungemaanisha kubaki na jina la jimbo lisilo na mfuko. Kuvuka kulimaanisha kuomba kwa wengine kile alichotaka kiwe haki ya kikatiba.

Waziri na siasa za Mombasa

Zawadi ya kuvuka haikugawanywa sawa. Moi aliteuliwa waziri mara tu jamhuri ilipozaliwa. Ngala alisubiri hadi mwaka 1966, baada ya mkutano wa KANU wa Limuru uliomng'oa Odinga. Katika mkutano huo kiti cha makamu wa rais wa chama kiligawanywa mara nane, na Ngala akachaguliwa makamu kwa upande wa Pwani. Kisha akawa Waziri wa Vyama vya Ushirika na Huduma za Jamii.

Wizara hiyo haikuwa na fahari ya Fedha au ya Ulinzi, lakini ilimfaa. Ushirika ulikuwa njia ya mkulima mdogo kumkwepa dalali, na kwa mkulima wa pamba, korosho au nazi, dalali ndiye aliyekuwa bei. Mwaka huo wa 1966 Bunge lilipitisha sheria ya vyama vya ushirika, na mwaka 1968 Benki ya Ushirika ikaanza kufanya kazi. Baada ya uchaguzi wa 1969 alipewa Wizara ya Nishati na Mawasiliano.

Nyumbani hakupumzika. Tawi la KANU la Mombasa liligawanyika, na Ngala akajikuta akipambana na kundi la Msanifu Kombo, aliyekuwa meya. Mtu wa mbali angeweza kuuona ugomvi huo kuwa wa vyeo vitupu. Kwa mkazi wa Mombasa ulikuwa ugomvi wa mkate. Aliyeshika chama alikuwa karibu na halmashauri, na halmashauri ndiyo iliyogawa viwanja, vibanda vya soko, leseni, zabuni, na kazi za kufagia barabara.

Hapa ndipo penye funzo chungu la maisha yake. Majimbo yalipokufa, mamlaka ya mitaani hayakufa nayo. Yalibaki bila ulinzi wa katiba, yakawa mali ya kugombaniwa na makundi. Mwananchi hakupata huduma kwa sababu ni haki yake. Alipata kwa sababu anamjua fulani. Mwalimu aliyetaka sheria ndiyo imlinde mnyonge alimalizia siku zake katika siasa ambamo mnyonge alihitaji kumtafuta mkubwa.

Kifo na kumbukumbu

Desemba 1972, nchi ikiwa katika shamrashamra za Jamhuri, gari la waziri Ngala lilipata ajali karibu na Konza katika barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Aliumia vibaya, akafariki hospitalini Nairobi siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba, akiwa na umri wa miaka 50 hivi. Simulizi ya nyuki walioingia ndani ya gari na kumchanganya dereva ilienea kote nchini, na wengi Pwani hawakuiamini. Mpaka leo mazungumzo ya kifo chake huanza na nyuki hao na kuishia kwa watu kutikisa vichwa. Alizikwa nyumbani kwao Kilifi. Mwanawe, Noah Katana Ngala, alikuja kuwa mbunge wa Ganze na waziri.

Baada yake, Pwani ilizidi kutegemea mambo matatu: bandari, watalii na mashamba. Yote matatu yalitikisika. Kiwanda cha sukari cha Ramisi huko Kwale kilifungwa mwaka 1988. Kiwanda cha korosho cha Kilifi, kilichojengwa miaka michache baada ya kifo chake, nacho kiliporomoka. Agosti 1997 ghasia za Likoni ziliwaua na kuwahamisha watu wengi waliotoka bara, na hoteli zikabaki tupu. Waliochochea ghasia za miaka hiyo walilitumia neno majimbo kana kwamba maana yake ni kumfukuza jirani. Huo haukuwa mpango uliopelekwa Lancaster House. Lakini ni lazima tukiri kwamba hatari hiyo ilikuwa imetajwa na wapinzani wa Ngala tangu mwanzo, na kwamba wazo lisilolindwa na wenyewe huokotwa na wasiolitakia mema.

Katiba ya mwaka 2010 ililirudisha wazo hilo kwa jina la ugatuzi. Tangu Machi 2013 kuna kaunti 47, na katika Pwani kuna sita: Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta. Zahanati, shule za chekechea, masoko na barabara ndogo sasa viko mikononi mwa watu waliochaguliwa na wenyeji. Seneti imerejea. Katiba inasema kwamba kaunti zipewe angalau asilimia 15 ya mapato ya taifa. Kifungu hicho ndicho kilichokosekana Mombasa mwaka 1963.

Hata hivyo, si kila kitu kimegatuliwa. Bandari imebaki chini ya serikali ya kitaifa. Reli mpya ya kisasa ilipoanza kazi mwaka 2017, na serikali ilipoamuru mizigo ipelekwe kwa reli hiyo, madereva wa malori, wenye maghala na wauza chakula wa kando ya barabara waliona riziki zao zikihamia bara. Mwaka 2019 wakazi wa Mombasa waliandamana. Septemba 2022 Rais William Ruto alitangaza kwamba kazi ya kuidhinisha mizigo inarudi Mombasa. Wengi walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Lakini uamuzi wa kuchukua ulifanywa Nairobi, na uamuzi wa kurudisha ulifanywa Nairobi.

Jina la Ngala limepewa pia chuo cha utalii kule Vipingo, Kilifi, ambacho ujenzi wake ulianza mwaka 2013 na kukawia kwa miaka mingi. Kilikusudiwa kuwapa vijana wa Pwani ujuzi wa kuajiriwa katika hoteli zilizo mbele ya nyumba zao. Ni vigumu kufikiria kumbukumbu inayomfaa zaidi mwalimu, wala inayoonyesha vizuri zaidi umbali uliopo kati ya ahadi na mlango uliofunguliwa.

Magavana na madiwani wa Pwani, ambao siku hizi tunawaita wawakilishi wa wadi, wana kile ambacho Ngala hakuwahi kukipata: mgao wa fedha unaolindwa na katiba na mamlaka ya kuajiri. Hawawezi tena kusema kwamba Nairobi imewanyima kila kitu. Zahanati ikikosa dawa, raia wa Kaloleni anajua ofisi ya kwenda kuuliza, na haiko mbali. Ngala aliamini kwamba serikali ikiwa karibu na mwananchi, mwananchi ataweza kuiwajibisha. Nusu ya kazi hiyo imefanywa na katiba. Nusu iliyobaki haiwezi kufanywa na marehemu.